Nane Bora kati ya Ishirini

"Sema tu hukuona vizuri," Baba alisema. "Neno hilo moja, mambo yaishie hapa hapa, wewe urudi nyumbani ukapumzike."

Mbishi hakukaa. Kiti walichomwekea kilitengwa peke yake mbele ya meza, kama cha mtu anayeomba kazi, na yeye kazi alikuwa nayo. Alisimama nyuma yake, mikono juu ya mgongo wa kiti, akawatazama wanakamati mmoja mmoja. Katikati alikaa Baba, mpima ardhi mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya handikapu. Kulia kwake katibu wa klabu, mwanaume mpole ambaye hukohoa kila asipotaka kuulizwa maoni. Kushoto alikuwapo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mkunga aliyempokea Mbishi mwenyewe siku aliyozaliwa, na ambaye hadi leo hudai kwamba mtoto yule alitoka akibisha. Jina likamganda tangu hapo.

Karibu na dirisha alisimama Daktari.

Hakuwa daktari wa watu. Alitibu ng'ombe, mbwa na farasi, na Baba alipenda kulikumbusha jambo hilo kila mtu huyo alipotajwa. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyozoea kutuliza viumbe visivyosema, na tangu aingie chumbani macho yake yalikuwa kwenye zulia. Miwani yake mipya alikuwa ameivua, akaificha mfukoni mwa shati. Mbishi aliiona inavyotuna pale kifuani na moyo ukamuuma, kwa sababu alijua ameivua kwa ajili ya nani.

"Nilisema shikamoo nilipoingia," Mbishi alisema. "Sijajibiwa."

"Marahaba, mwanangu," Shangazi alidakia. "Na ya huyu mdogo wangu naipokea mimi. Kesi iwepo isiwepo, shikamoo haina likizo."

Katibu akakohoa.

Juu ya meza, katikati ya kitambaa cha kijani, kilikaa kikombe cha fedha ambacho hakijaandikwa jina. Chumba kilinuka dawa ya kung'arishia sakafu. Nje, chini ya dirisha, wanachama walikuwa wakicheza raundi zao za Jumapili kana kwamba hakuna lolote, lakini kila aliyepita aliinua shingo kutazama juu. Umbeya hauhitaji kadi ya uanachama.

Kosa la Daktari lilikuwa moja: alishinda. Tena alishinda mno.

Handikapu, kwa asiyeujua mchezo wa gofu, ni idadi ya mipigo ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa ili aweze kusimama na hodari bila kuaibika. Anayemaliza uwanja kwa mipigo michache ndiye bora. Daktari alikuwa na handikapu ya ishirini na moja nukta tatu, yaani ya mtu ambaye mpira wenyewe humwonea huruma. Mwaka mzima alizoea kumaliza kwa mipigo mia moja, siku nyingine na ushei. Jana, kwenye kombe kubwa la klabu, alimaliza kwa themanini na mitatu. Na aliyekuwa akimwandikia kadi shimo kwa shimo, akaweka sahihi mwishoni kama sheria inavyotaka, alikuwa binti wa mwenyekiti. Kura ya kupanga wachezaji ndiyo iliyowaweka pamoja. Ukimwambia mtu hivyo, anakuchekea machoni.

"Nitalisema kwa mara ya mwisho," Baba aliendelea. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na ilipozidi kushuka ndipo watu walipozidi kuogopa. "Kuna wachezaji wana tabia hiyo. Wanacheza ovyo kwa makusudi, wanaleta kadi mbaya baada ya kadi mbaya, handikapu inapanda. Siku ya kombe wanakumbuka kucheza. Huo ni wizi. Huyu bwana tutamfungia, na klabu nyingine zote zitapata habari. Swali lililobaki ni wewe. Ukisema hukuiona vizuri mipigo yake, tutaandika kwamba ulidanganywa. Ukiitetea sahihi yako, mtatoka wote wawili. Na ukitoka naye hapa, mama, usinitafute nyumbani."

Alimwita mama. Alimwita hivyo tangu utotoni, siku za homa na siku za zawadi, na sasa alilitumia neno lile kumfungia mlango. Mbishi alimpenda baba yake. Tangu mama yake afariki walikuwa wakila meza moja, wawili tu, wakibishana juu ya chumvi.

Kabla hajajibu, Daktari alisogea kutoka dirishani.

"Mzee," alisema, "hakuna haja. Kikombe hiki hapa. Na uanachama nauacha leo leo. Bibie asiingizwe kwenye jambo hili."

"Umesikia?" Baba alimgeukia bintiye. "Hata yeye ana akili."

"Nimesikia," Mbishi alisema, na safari hii hasira yake ilimgeukia mwingine. "Daktari, nani amekutuma ukubali wizi ambao hukuufanya?"

"Sijakubali. Nimesema naondoka."

"Mtu akiondoka katikati ya kesi, waliobaki watasema nini? Utaondoka na jina la mwizi, mimi nibaki na jina la mjinga aliyedanganywa. Halafu tutaoana lini, ukishasafishwa na mvua?"

Neno hilo lilitua katikati ya chumba. Katibu alisahau kukohoa.

"Mtaoana?" Baba aliuliza polepole.

Miezi michache nyuma Daktari alikuja nyumbani na mjomba wake, wamevaa vizuri, kuomba kujulikana. Baba hakuwaketisha. Aliwauliza swali moja tu: ni kweli kijana wenu alioa, na mke akaondoka? Wakasema ni kweli, walitengana bila kutukanana, kila mtu akashika njia yake. Basi, Baba akasema, mtu aliyeshindwa kukaa na wa kwanza hatajaribia ndoa kwa binti yangu. Akapiga marufuku wasionane, na wote wakaamini kwamba hawaonani. Daktari alivua miwani yake leo asije akaulizwa ameipata wapi, ili waendelee kuamini hivyo.

"Vaa miwani yako," Mbishi alimwambia.

"Tafadhali," alisema Daktari kwa sauti ndogo. "Usifanye hivi."

"Usinifanyie ukarimu ambao sikuuomba. Kwanza, kabla hujaivaa, nitazamie pale nje. Bendera ya shimo la mwisho ina rangi gani?"

Daktari aligeukia dirisha. Alikunja uso, akasogeza kichwa mbele. "Najua ni nyekundu."

"Sikuuliza unachojua. Unaiona?"

"Hapana."

"Ivae sasa."

Akaitoa, akaivaa. Fremu nyeusi, nyepesi, aliyoichagua Mbishi mwenyewe baada ya kumkataza tatu alizozipenda. Daktari alitazama tena nje na mabega yake yakashuka kwa utulivu.

"Nyekundu. Upepo unaipeleka kushoto. Na kuna bwana mwenye kofia nyeupe, kule chini ya mti, anausogeza mpira wake kwa kiatu."

Katibu aliruka mpaka dirishani. "Nilijua!" alisema. "Nilijua tu, yule!" Kisha akakumbuka alipo, akarudi kukaa.

Mbishi alitoka nyuma ya kiti. "Baba, mimi hupima macho ya watu kwa riziki yangu. Huyu mtu alikuwa haoni mbali. Kazi yake ni ya karibu, kwato na masikio, hakuwahi kujua. Miaka yote aliyocheza hapa alikuwa anapiga mpira kuelekea sauti za watu. Zile kadi zake mbaya hazikuwa za uongo, alizicheza kwa jasho lake. Jana alicheza akiona. Basi."

"Na nani aliyempima?"

"Mimi."

"Nilikataza."

"Ulikataza. Nami nikamwita. Usimlaumu yeye, hakujileta. Nilimwona uwanjani anauliza mpira umekwenda wapi wakati uko mbele yake, nikampigia simu nikamwambia njoo dukani kabla sijafunga. Nimeonana naye siku hiyo, na nyingine baada ya hiyo. Ukitaka kuniuliza kama najuta, uliza."

Baba aligonga meza kwa kidole, mara moja.

Angejuta vipi? Alikumbuka alivyomkalisha kwenye kile kiti chake kirefu, akazima taa ya chumba, akamsogelea na kurunzi yake ndogo. Kazini huwa hahisi kitu. Macho ni macho. Siku ile mkono ulikuwa mzito.

"Itazame taa ile ndogo ya ukutani," alimwambia. "Usinitazame mimi."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya sikio langu."

"Basi haifikiki," Daktari alisema gizani, "bila kupitia kwako."

Na miwani ilipokuwa tayari, alisimama nayo mlangoni mwa duka akitazama ng'ambo ya barabara muda mrefu, hata Mbishi akadhani amekosea vipimo. "Kumbe majani ya mti yanahesabika," alisema mwishowe. Akageuka, akamtazama yeye vilevile, bila haraka, kuanzia paji la uso mpaka kidevu. "Na wewe una kovu dogo juu ya nyusi. Kumbe muda wote huu nilikuwa nakupenda kwa kukadiria."

Mwanamke akishaambiwa hivyo, marufuku ya baba yake inamsaidia nini?

"Maneno matamu," Baba alisema mezani. "Miwani, majani, sijui nini. Mtu mzima anacheza mwaka mzima haoni, na hajijui?"

"Hajijui," Mbishi alisema. "Hata mwenye macho mazima kuna vitu havioni. Baba, nikuulize kitu cha hesabu?"

"Hapa si mahali pake."

"Ndipo mahali pake hasa. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kukokotoa handikapu kabla sijajua kugawa kwa desimali. Nifundishe tena, katibu naye asikie."

Alimjua baba yake. Mzee yule angeweza kukataa chakula, dawa na ushauri, lakini hakuwahi kukataa kueleza hesabu. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa viganja viwili.

"Unachukua kadi ishirini za mwisho za mchezaji," alianza. "Kila kadi unailinganisha na ugumu wa uwanja aliochezea, maana mipigo tisini kwenye uwanja mgumu si sawa na tisini kwenye uwanja mwepesi."

"Na kama kuna shimo lilimharibikia? Mpira umeingia majini, ukaingia kichakani, akapiga mpaka akalia?"

"Kuna kikomo. Kila shimo lina mwisho wa mipigo anayoweza kuhesabiwa. Ikizidi hapo haiandikwi kwenye hesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu shimo moja baya halimwelezi mchezaji. Kila mtu anajua."

"Kisha?"

"Kisha katika zile ishirini unachagua nane bora. Unazijumlisha, unagawa kwa nane. Hiyo ndiyo handikapu yake."

"Na zile kumi na mbili?"

"Unaziacha."

"Hivi hivi? Kumi na mbili mbaya, nyingi kuliko nzuri, unaziacha?"

"Ndiyo! Kwa sababu tunapima mtu anaweza nini akiwa sawasawa, hatumpimi kwa..."

"Kwa siku zake mbaya," Mbishi alimalizia. "Ni maneno yako mwenyewe, Baba, nimekua nayo. Yule anayesogeza mpira kwa kiatu kule nje, unampimia nane bora. Huyu hapa, aliyenipeleka hospitali nilipoteguka mguu, aliyekaa chini ya mvua na mbwa wa jirani yetu mpaka akazaa, aliyekuja kwako mchana kweupe na mjomba wake badala ya kunitorosha, umempimia shimo moja. Na kikomo hukumwekea."

"Ndoa si mchezo."

"Si mchezo. Ndiyo maana nashangaa. Wachezaji unawahurumia, mwanao humhurumii."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Shangazi alisema akiangalia dari. Kisha akaona dari haitoshi, akamgeukia mdogo wake. "Tena wewe ndiye hupaswi kufungua mdomo. Marehemu wifi yangu alipofunga mizigo akarudi kwao, mwaka ule huyu mtoto hajazaliwa, nani alikwenda kumwomba arudi? Si mimi? Nilipanda na kushuka na miguu yangu hii. Sasa tulikuandikia mipigo mingapi?"

Mbishi alikuwa hajui. Alimtazama baba yake, na Baba akatazama kikombe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango aliouacha umefungwa uko wazi.

"Mambo ya nyumbani hayaletwi kikaoni," alisema kwa shida.

"Wewe ndiye uliyeyaleta," Shangazi alijibu. "Ungekuwa na kesi ya gofu tungekuwa tumeshakwenda kula. Piga kura. Mimi nasema kadi ni halali. Nimezalisha nusu ya wanachama wa klabu hii, najua mtu mwongo anavyolia."

Macho yote yakamwendea katibu. Maskini akakohoa, akakohoa tena, na kikohozi kikamwishia.

"Miwani," alisema, "haijakatazwa popote kwenye sheria."

"Sema kura yako," Baba alimwambia.

"Halali, mwenyekiti."

Mbili kwa moja. Daktari alivuta pumzi kwa sauti. Baba angeweza kuvunja kikao, na Mbishi alijiandaa kwa hilo, akasimama wima, kidevu juu, tayari kutoka mlangoni mikono mitupu ikibidi. Katibu, ambaye aliogopa kimya kuliko vita, akavuta kikokotoo chake akaanza kuhesabu kwa sauti ili apate la kufanya.

"Basi tumpe handikapu mpya. Kadi ya jana inaingia na kumi nukta nne. Katika zile nane inaondoka mbovu kuliko zote, ishirini na tatu nukta mbili. Jumla inakuwa mia moja hamsini na saba nukta sita... tunagawa kwa nane... kumi na tisa nukta saba. Niandike kumi na tisa nukta saba?"

"Kumi na saba nukta saba," Baba alisema.

Katibu aliinua kichwa.

"Umesahau kutoa mbili," Baba alisema kwa ukali. "Mtu akicheza vizuri kupita handikapu yake kwa kumi au zaidi, anakatwa mbili juu ya hesabu. Miaka yote hii unakaa hapa, hujui? Kumi na saba nukta saba. Andika."

Shangazi ndiye wa kwanza kucheka. Alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Baba alimkunjia uso, bado amekasirishwa na ubovu wa hesabu, na ndipo naye alipojisikia alichokisema. Huwezi kumkata mtu mbili kwa kadi ambayo huitambui. Mzee alikuwa ameikubali kadi, tena kwa ukali wake mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuvumilia jumla iliyokosewa.

Kisha akakisukuma kikombe taratibu mpaka ukingo wa meza, upande wa Daktari.

"Hilo ni la kadi," alisema. "La nyumbani sijalikubali."

"La nyumbani nimeshaliamua," Mbishi alisema. "Sikuombi, Baba, nakuarifu. Jumamosi atakuja tena na mjomba wake. Nitawaketisha mimi mwenyewe. Ukiufunga mlango, tutakaa nje mbele yake, na majirani waulize kulikoni. Na chakula cha leo nitapika mimi kama kawaida, kwa sababu nyumba ile ni ya kwangu pia. Nimezaliwa humo."

"Kwa mikono yangu," Shangazi alikumbusha.

Baba alimtazama binti yake. Alikuwa amekunja macho kidogo, kichwa amekirudisha nyuma, kama afanyavyo siku hizi akisoma gazeti. Mbishi aliiona ishara ile. Hata katika vita, kazi ni kazi.

"Na Jumatatu uje dukani nikupime," aliongeza. "Nawe huoni vizuri siku hizi."

"Mbishi," Baba alisema. Hakumwita mama, lakini hakumwita kwa ubaya pia. "Chumvi usizidishe."

Walishuka ngazi wawili, Daktari amekumbatia kikombe kama mwanakondoo mgonjwa. Nje, wanachama wote waligeuka kutazama. Yule wa kofia nyeupe akajifanya anatafuta mpira.

"Ungepoteza kila kitu mle ndani," Daktari alisema. "Kwa sababu ya kadi."

"Kwa sababu ya sahihi yangu. Na usirudie tena kunifichia miwani."

"Sirudii." Alisimama katikati ya njia, jua likimpiga usoni, watu wote wale wakiwaangalia, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui aelekeze macho wapi. "Wanatutazama. Nitazame wapi?"

Mbishi alimsogelea, akainyoosha ile miwani iliyokuwa imekaa upande juu ya pua yake, taratibu, mbele ya klabu nzima na mbele ya dirisha la juu ambalo alijua nani amesimama nyuma yake.

"Safari hii," alisema, "nitazame mimi."